Sanduku la kufuli tatu: linachobeba na linachoshindwa kubeba familia zinapobadilika

Huduma inayopimwa hapa haina jengo, haina karani wa kulipwa wala bango mlangoni. Ni kikundi cha kuweka na kukopa: watu 15 hadi 25 waliochaguana wenyewe, sanduku moja la chuma lenye kufuli tatu, vitabu vya akiba, muhuri na kidau cha wino, vifuko viwili vya kitambaa vya rangi tofauti, na bakuli za kuhesabia fedha. Wapo wanaokiita kikoba, wapo wanaokiita chama. Mfumo huu ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini. Kwa Kihausa ukaitwa Mata Masu Dubara. Mwanzoni kila mmoja aliweka kiasi kilekile na hesabu zikatunzwa kichwani. Hisa na vitabu vya mihuri vilikuja baadaye, mfumo ulipokuwa umeshaenea nchi nyingine.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa familia inayohitaji fedha kidogo kwa haraka, na mahali pa kuweka akiba isiliwe na mahitaji ya kila siku, ni vigumu kupata huduma bora kuliko hii. Lakini sanduku lilibuniwa kwa watu wanaokaa mahali pamoja, wanaoonana kila wiki, na wenye ndugu wengi wa kusaidiana. Familia za leo zinatoka huko kwa kasi. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 yanaonyesha kuwa duniani mwanamke huzaa kwa wastani watoto 2.3 hivi, ilhali mwaka 1990 walikuwa 3.3. Umri wa kuishi umefika miaka 73.3. Zaidi ya nusu ya watu wote wanaishi mijini. Kwa lugha ya nyumbani maana yake ni kwamba ndugu wa kuchangiana ni wachache, wazazi wanakuwepo kwa muda mrefu zaidi, na kijana aliyetegemewa yuko mbali.

Sanduku linaweza kuzifuata familia hizo, ila kwa sharti la kujua kipi kilegezwe na kipi kisiguswe. Vikundi vingi vinavyoharibika hufanya kinyume: vinalegeza funguo, hesabu ya hadharani na siku ya kuvunja, yaani siku ya kugawana akiba na faida mwisho wa mzunguko, halafu vinang'ang'ania bei ya hisa, masharti ya mfuko wa jamii, ule wa misiba na magonjwa, na urefu wa mkutano kana kwamba vimeandikwa kwenye jiwe.

Mkutano wenyewe

Mkutano mzuri huanza sanduku likiwa bado limefungwa. Wanachama wamekaa kwa kufuata namba zao. Katibu anauliza: mara iliyopita tulifunga na kiasi gani kwenye mfuko wa mikopo? Wanachama wanajibu kwa sauti. Na kwenye mfuko wa jamii? Wanajibu tena. Ndipo washika funguo watatu wanasogea, mmoja baada ya mwingine. Hao hawamo katika kamati, na hilo ni la makusudi: anayelala na sanduku nyumbani asiwe na ufunguo, na mwenye ufunguo asilale na sanduku. Wahesabu wawili wanamimina fedha kwenye bakuli na kuhesabu mbele ya macho ya wote. Kiasi kikilingana na kilichotajwa, kazi inaendelea. Kisipolingana, mkutano unasimama hapohapo mpaka ijulikane kwa nini.

Kinachofuata ni mchango wa mfuko wa jamii, kisha hisa, kisha marejesho ya mikopo, na mwisho kabisa mikopo mipya. Mpangilio huu una sababu yake. Mikopo mipya inatolewa mwisho kwa kuwa ni lazima kwanza ijulikane fedha iliyopo mezani. Kikundi kinachoanza na mikopo huahidi fedha ambayo bado iko mfukoni mwa mtu.

Kwenye hisa, mwanachama anaitwa kwa namba, anaweka fedha kwenye bakuli, mhesabu anatangaza "hisa tatu", katibu anagonga mihuri mitatu kwenye ukurasa wa wiki hiyo na kukata kwa mstari nafasi mbili zilizobaki. Ule mstari ni kitu kidogo sana kukitazama, lakini ndio unaozuia mihuri miwili kuongezwa baadaye. Muhuri uwe na alama isiyopatikana kirahisi dukani. Na vitabu vinarudi sandukuni. Havilali nyumbani kwa mtu. Wanachama wapya huona huo ni usumbufu, maana wanataka kukaa na kitabu chao. Kitabu kilichokaa nje ya sanduku kwa wiki nzima hakiwezi tena kuwa ushahidi wa chochote.

Mwisho, hesabu inarudiwa, kiasi cha kila mfuko kinatangazwa, na wote wanakishika kichwani. Kumbukumbu hiyo ya watu 20 ni daftari lisilochanika.

Hesabu ya hisa na mkopo

Tuchukue hisa moja kuwa 1,000 ya fedha yoyote ile. Kila mkutano mwanachama hununua hisa 1 hadi 5. Kikundi cha watu 20, mikutano 48, wastani wa hisa 3 kwa kila mtu, kitakuwa na hisa 2,880, yaani akiba ya 2,880,000. Riba na faini zikifika 576,000, siku ya kuvunja sanduku lina 3,456,000, na kila hisa inagawiwa 1,200. Aliyekuwa akinunua hisa mbili kila wiki aliweka 96,000, anaondoka na 115,200.

Inaonekana ni faida ya asilimia 20, lakini fedha hiyo haikukaa mwaka mzima. Iliingia kidogo kidogo, kwa wastani imekaa kama nusu mwaka, kwa hiyo faida halisi kwa mwaka inakaribia mara mbili ya hiyo. Hakuna muujiza hapo. Riba imelipwa na wanachama wenyewe waliokopa. Asiyekopa kabisa anafaidika kutoka kwa wanaokopa, na kikundi ambacho nusu ya watu hawakopi huwa kinahamisha fedha kimyakimya kutoka kwa wenye shida kwenda kwa wenye nafuu. Jambo hili lizungumzwe siku ya kupanga riba, si siku ya mgao.

Kuna pengo lingine ambalo wengi hawalioni. Hisa ya wiki ya kwanza na hisa ya wiki ya mwisho hupata mgao uleule. Mwenye fedha nyingi akiruhusiwa kununua hisa 40 mwezi wa mwisho, atavuna faida ambayo fedha yake haikuizalisha. Ndiyo sababu ya ukomo wa hisa 5, na ndiyo sababu ukomo huo usiwekewe mlango wa nyuma kwa kumwandikisha mtoto au dada asiyehudhuria. Bei ya hisa ipangwe kwa kumtazama mwanachama mwenye kipato kidogo kuliko wote: awe na uwezo wa kununua hisa moja kila mkutano bila kukopa kwa jirani. Asipoweza, bei ni kubwa mno, hata wengine wakinung'unika. Ndani ya mzunguko bei haibadiliki. Mzunguko mpya ukianza, inapangwa upya kulingana na hali ya maisha.

Mkopo kwa kawaida hauzidi mara tatu ya akiba. Mwenye 40,000 anakopa mpaka 120,000. Kwa riba ya asilimia 5 kila wiki nne, akikaa nao wiki 12 bila kupunguza deni, atalipa 18,000 juu yake. Akipunguza theluthi kila wiki nne, na riba ikihesabiwa kwa deni lililobaki, atalipa 12,000. Vikundi vingi havielezi tofauti hii, na katiba ikinyamaza ugomvi unakuja. Muda wa miezi mitatu unatosha biashara inayozunguka haraka. Hautoshi ada ya mwaka mzima, wala paa la nyumba, wala mche wa matunda.

Mikopo yote irudi wiki nne hivi kabla ya kuvunja. Hapo sanduku linajaa, na hapo ndipo wizi hutokea. Wakati mwingine wote fedha nyingi iko mikononi mwa wakopaji, na mwizi akilichukua sanduku hapati kitu cha maana. Wiki za mwisho, kama kuna benki au chama cha akiba karibu, fedha ipelekwe huko kwa saini zaidi ya moja. Kama hakuna, siku ya kuvunja isogezwe karibu na marejesho ya mwisho na isitangazwe mtaani.

Umri wa wanachama huamua kuliko kipato

Watu huulizana kama wanachama wenzao ni waaminifu. Swali zuri hilo, ila kuna la pili ambalo halipati nafasi: wana umri gani?

Kikundi cha wazazi 20, wote kati ya miaka 30 na 40, kinaonekana kimependeza. Wanafahamiana na mazungumzo yao ni yaleyale. Shule zikifunguliwa, 12 kati yao wanaomba 100,000 wiki ileile. Yanahitajika 1,200,000, na kikundi kilichoanza wiki 14 zilizopita kwa wastani wa hisa tatu kina 840,000 kwa jumla, sehemu yake ikiwa tayari imekopwa. Kinachofuata ni kukatwa kwa kila ombi, na kila mmoja anaondoka na mkopo usiotosha kazi aliyouombea. Miezi miwili baadaye fedha imelala sandukuni bila mwombaji, faida inashuka. Tatizo si uaminifu wa mtu yeyote. Mahitaji ya umri mmoja huja kwa pamoja, kama mvua.

Changanya umri, na mahitaji yanatawanyika. Kijana wa miaka 22 anataka mtaji mdogo, mzazi anataka ada, mwenye miaka 58 ambaye wanawe wameondoka anaweka zaidi kuliko anavyokopa. Huyu wa mwisho ndiye anayewabeba wengine mwezi wa shule, na riba yao ndiyo inayomnenepeshea mgao. Wakati kaya zenyewe zinazidi kuwa ndogo, na bibi, mzazi na mjukuu hawalali tena chini ya paa moja, kikundi chenye vizazi viwili au vitatu kinarudisha kidogo kile ambacho nyumba kubwa ilikuwa ikikifanya yenyewe. Hakuna kipengele kingine cha huduma hii kinachostahili kusifiwa kuliko hiki, na ndicho kinachopuuzwa zaidi wakati wa kuandikishana.

Mfuko wa jamii: hapa ndipo hesabu inapovunjika

Mfuko huu hauna hisa wala riba. Kila mtu anachanga kiasi sawa, na unasaidia kwenye msiba, ugonjwa, moto. Unakaa kwenye kifuko chake, na mzunguko ukiisha haugawanywi. Unabaki kuanzia mwaka unaofuata.

Tuseme watu 20 wanachanga 200 kila mkutano. Mikutano 48 inaleta 192,000. Katiba inasema msiba wa mwanachama, mwenza, mtoto au mzazi ni 30,000, wazazi wa pande zote mbili wakihesabiwa. Katiba hiyo ikiandikwa na watu wa miaka 30, wazazi wao bado wana nguvu, mfuko utajaa. Watu walewale wakifika 50, kila mmoja na wazazi wanne wa kuhesabiwa, kikundi kinabeba wazee 80. Wakifariki wanne kwa mwaka, 120,000 imeondoka. Wakifariki sita, ni 180,000, na iliyobaki ni 12,000 kwa wagonjwa wote wa mwaka. Msiba wa saba unamkuta mtu mfuko ukiwa mtupu, na huyo alichanga sawa na wenzake. Hakuna kitu kinachovunja kikundi kwa uchungu kama hicho, maana mtu hatamlaumu kifo wala hesabu; atawalaumu wenzake.

Dawa si kupandisha mchango tu. Kwanza, siku ya kwanza kila mwanachama aandike majina ya watu anaowawekea kinga, wasizidi wanne. "Mzazi" bila jina huzaa mjadala msibani, na msibani si mahali pa mjadala: aliyelelewa na shangazi, aliyeolewa mara ya pili, anayelea watoto wa marehemu ndugu yake, wote hawa wana familia ambazo neno moja haliwezi kuzieleza. Pili, malipo yawe ya ngazi mbili, tuseme 30,000 kwa mwanachama, mwenza na mtoto, na 15,000 kwa mzazi. Misiba sita ya wazazi inakuwa 90,000 na mfuko unapumua. Tatu, kwa ugonjwa utolewe mkopo usio na riba badala ya msaada, ili fedha irudi. Nne, pawepo na kiasi ambacho mfuko haushuki chini yake, angalau malipo mamoja kamili. Na masharti haya yahesabiwe upya kila mzunguko kwa kuangalia umri wa wanachama wa mwaka huo.

Lingine ambalo mfuko hauwezi kabisa ni janga linalowapiga wote. Ukame, mafuriko au kufungwa kwa soko humfanya kila mchangaji kuwa mwombaji siku hiyohiyo. Hapo sanduku lisidaiwe kisicho chake. Bima au msaada wa nje ndio unaohusika.

Aliyehama

Kuhama kunalitikisa sanduku kuliko jambo lingine lolote, kwa kuwa ulinzi wake wote ni macho ya watu waliopo. Mwanachama aliyehamia mjini anamtumia mtunza sanduku fedha kwa simu. Mtunza sanduku anaitoa kwa wakala, ada ya kutoa inakatwa, hisa tano zinafika zikiwa nne na chenji. Nani anajaza? Kama katiba haisemi, mtunza sanduku atajaza mara moja, mara ya pili atanuna, mara ya tatu ataanza kuchelewesha. Kanuni iwe wazi: anayetuma analipa ada zote mbili, ya kutuma na ya kutoa, fedha ifike siku moja kabla, ujumbe wa simu usomwe kwa sauti mkutanoni, na fedha taslimu iwekwe kwenye bakuli palepale.

Vikundi vingine vinahamisha kila kitu kwenye akaunti ya simu ya kikundi. Inafaa, ikiwa kila utoaji wa fedha unahitaji namba za siri za laini tatu tofauti na kila mwanachama anapata ujumbe wa kila muamala. Kinachoharibu ni mazoea. Mwenyekiti anakaa na laini zote tatu "ili kurahisisha kazi", na kufuli tatu zimekuwa moja bila mtu kupiga kura. Au mshika laini mmoja anahama, laini haitumiki kwa muda mrefu, inafungwa, na kubadilisha mwidhinishaji kunahitaji kitambulisho chake na yeye mwenyewe kufika. Laini hizo zijaribiwe kila mwezi kwa muamala mdogo, na mbadala wa kila mwidhinishaji asajiliwe kabla hajahitajika.

Kwa aliye nje ya nchi, hesabu haimtazami vizuri. Takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha kuwa kutuma dola 200 kuvuka mpaka kunagharimu kwa wastani zaidi ya asilimia 6, na lengo la Umoja wa Mataifa ni kushusha chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kiasi kidogo kikitumwa kila wiki, ada hula sehemu kubwa zaidi, na faida ya mgao inaishia njiani. Ni bora atume kwa mwezi au kwa miezi mitatu, na hisa ziwe za mzazi au mwenza aliyebaki nyumbani, kwa jina lake na kwa uamuzi wake. Aliye mbali akibaki mwanachama, mkopo wake usizidi akiba yake mwenyewe, badala ya mara tatu, maana huwezi kumfuata mlangoni. Na walio mbali wakizidi robo ya kikundi, mkutano unakuwa wa kusoma ujumbe. Ni heri wenye makao mapya waanzishe sanduku lao huko waliko.

Ndoa, malezi, na jina kwenye kitabu

Kaya nyingi zaidi zinaongozwa na mwanamke peke yake, na ndoa nyingi zinaishi mume na mke wakiwa mbalimbali. Sanduku linamlinda mwanamke kwa namna ambayo pochi haiwezi: fedha haipo nyumbani, na kuitoa kunahitaji funguo tatu na siku ya mkutano. Lakini siku ya kuvunja inajulikana na kila mtu, mume, shemeji na mdai. Kinachosaidia ni kupanga matumizi kabla: wiki mbili kabla ya mgao mwanachama aseme, kwake mwenyewe au mbele ya wenzake akitaka, fedha inakwenda wapi, na sehemu ya ada au ya pembejeo ilipwe moja kwa moja.

Mkopo wa mke unaotumiwa na mume ni deni la mke. Kamati haipaswi kuingia chumbani mwa watu, ila inaweza kuuliza mbele ya mkopaji, kwa heshima: marejesho yatatoka kwenye kazi ipi, na ni ya nani? Jibu likiwa halieleweki, kiasi kipunguzwe.

Kila kitabu kiwe na jina la mrithi, limeandikwa siku ya kwanza na mwanachama mwenyewe, na libadilishwe akiolewa, akiachika au akifiwa. Mwanachama akifariki, deni linakatwa kwenye hisa zake na kinachobaki kinamwendea aliyeandikwa. Kitabu kisicho na jina hukaa sandukuni miezi huku ndugu wakivutana, na kikundi hakiwezi kuvunja kwa amani.

Kuhusu muda: mkutano wa watu 20 unaweza kuisha ndani ya saa moja na nusu. Ukichukua saa tatu nzima, wa kwanza kuacha ni wanaolea mtoto mchanga au mzazi asiyejiweza, yaani walewale wanaohitaji huduma hii kuliko wengine. Faini ya kuchelewa ikiwa sawa kwa wote, wao ndio wanaolipa karibu yote. Mkutano wa kila wiki mbili, au ruhusa ya kuwakilishwa na mtu mmoja aliyesajiliwa, inawabakisha bila kulegeza chochote cha maana.

Vijana ni habari nyingine. Wanahama, kipato chao hakina ratiba, na mwaka mzima ni mrefu kwao. Mzunguko wa miezi sita na hisa ndogo unawafaa. Wakivunja mara mbili kwa amani, watakaa.

Inainua kipato au inazuia kuanguka?

Anayejiunga akitarajia utajiri atachoka. Utafiti wa kulinganisha maeneo yaliyoanzishiwa vikundi na yasiyo navyo nchini Ghana, Malawi na Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta watu wanatumia huduma za fedha zaidi, biashara za kaya zina hali bora, na wanawake wana sauti zaidi katika maamuzi. Wastani wa matumizi ya kaya haukuonekana kupanda. Nchini Mali, utafiti wa aina hiyohiyo ulikuta kaya zina uhakika zaidi wa chakula na zinavuka vizuri vipindi vigumu vya mwaka. Hayo yanalingana na umbo la huduma yenyewe. Mkopo hauwezi kuzidi jasho la watu 20, na wanachama saba wakikopa kuuza bidhaa ileile kwenye soko lilelile, wanagawana wateja walewale. Anayekua kibiashara atafika mahali ambapo mara tatu ya akiba haitoshi mzigo mmoja. Aende benki au chama cha akiba na mikopo, na hisa zake azibakize humu kwa ajili ya nyumba.

Kwa uzee, sanduku halina jibu, na ni vizuri kulisema waziwazi. Linavunjwa kila mwaka, na kuvunjwa huko ndiko kunakosafisha hesabu na kufichua uongo. Vikundi vinavyoahirisha kuvunja miaka mitano "tujenge kitu kikubwa" vinakusanya madeni yasiyofuatwa na vitabu visivyolingana. Anayetaka akiba ya miaka 20 atenge sehemu ya kila mgao, hata sehemu ya kumi, aipeleke kwenye mfuko wa pensheni wa hiari au akaunti ya muda mrefu siku hiyohiyo kabla hajafika nyumbani. Familia zenye watoto wawili haziwezi kumtegemea mtoto wa sita.

Tofauti na upatu, ambao humpa mtu mmoja fedha yote kwa zamu, hapa huhitaji kusubiri zamu ugonjwa ukija. Kwa hiyo kwa mwenye kipato cha kusuasua, mlezi wa peke yake, au wenza wanaoishi mbalimbali, hii ndiyo inayofaa zaidi kati ya hizo mbili. Mwenye mshahara wa uhakika na mahitaji ya miaka mingi anaweza kuacha.

Kabla ya kununua hisa ya kwanza, omba kukaa mkutano mmoja kama mgeni. Angalia funguo zinatoka mifuko mingapi. Uliza umri wa wanachama, na ni misiba mingapi mfuko wa jamii ulilipia mzunguko uliopita. Kisha usikilize mwanzoni kabisa, kabla kufuli hazijaguswa: katibu akiuliza kiasi cha mara iliyopita, je, wanachama wanajibu wao wenyewe, au wote wanageuka kumtazama mwenyekiti?